Sindano Ilipofika 124

Jumatatu, 2 Septemba

Mzee Wenceslaus amenipa madaftari mawili. Moja ni la joto la injini. Hili la pili ni la kuzoeza mkono, kwa sababu anasema saba yangu inafanana na moja, na sifuri yangu haifungi. "Andika chochote kila siku mpaka mkono utulie," amesema. "Siwezi kurusha ndege kwa namba nisizoweza kuzisoma."

Basi naandika. Mimi ni Fideli, wa Kibondo, miaka arobaini na sita, niliishia darasa la tano. Miaka kumi na moja nimekuwa kibarua wa tumbaku huku Uyui: kulima, kuchuma, kukausha kwenye mabani, vile vibanda vya moto vya kukaushia majani. Mgongo umechoka. Tangu Juni niko kwa mzee, nje kidogo ya Goweko, nabeba maji, nashika spana, nafunga kamba.

Ndege iko ndani ya ghala la zamani la tumbaku. Mzee alikuwa fundi wa ndege za watu wengine miaka thelathini. Hii ameijenga mwenyewe kwa miaka tisa, bati moja baada ya jingine. Ina viti viwili. Injini aliitoa kwenye gari la Kijapani, lakini haina pistoni. Ndani yake kuna vyuma viwili vya pembetatu, vinaitwa rota, na hivyo ndivyo vinavyozunguka. Ni nyepesi na ina nguvu. Ubaya wake ni joto. Mzee anasema theluthi ya joto hilo haibebwi na maji, inabebwa na oili. Kwa hiyo kuna rejeta mbili, ya maji na ya oili, na mimi nina geji mbili za kusoma.

Jumatano, 4 Septemba

Kazi inakwenda hivi. Tunaisukuma ndege nje, mkia tunaufunga kwa kamba kwenye gogo la mninga lililozikwa ardhini. Mzee anakaa ndani na kushika mkono wa mafuta, unaoongeza na kupunguza nguvu ya injini. Geji za ndani hazijafungwa bado, kwa hiyo za majaribio ziko kwenye ubao nyuma ya bawa, na mbele ya ubao nimesimama mimi. Kila nusu dakika naandika. Maji yakifika 105 au oili 110, nainua mkono, naye anazima.

"Na nisipoinua?" nilimuuliza.

"Kati ya vyuma vya injini kuna oringi, mipira myembamba kama uzi wa kiatu. Maji yakipita mia na kumi na tano, hata dakika moja, mipira inaungua. Ikiungua, maji yanaingia panapowaka moto. Hapa chini itakohoa tu. Juu ya miombo itazima."

Leo dakika nne. Maji 106. Alizima.

Jumamosi, 7 Septemba

Dakika nne na nusu. Maji 107, oili 109.

Jumanne, 10 Septemba

Dakika nne.

Ijumaa, 13 Septemba

Amekuja Mabruki, mchomeleaji wa Isevya, mjini Tabora. Yeye ndiye anayekata mabati ya pua ya ndege. Hajamaliza kushuka kwenye pikipiki ameshaanza.

"Muha! Bado wanakutesa na rejeta? Kwenu Kigoma si mnaruka na ungo? Ungo hauna rejeta."

"Na hauna mchomeleaji," nikamwambia. "Ndiyo maana haudondoki."

Mzee alicheka mpaka akavua miwani. Mama Marcelina, mkewe, alikuwa anapita na ndoo. Yeye haingii ghalani, anasema ndege imekula miaka tisa ya ndoa yake. Alisimama mlangoni. "Cheka tu," alimwambia mzee. "Babu zako walibeba pembe kwa kichwa kutoka hapa mpaka Bagamoyo, wakafika na wakarudi. Wewe kwa injini hujafika hata kwenye kile kichuguu."

Mabruki amepanua mdomo wa mbele ili upepo mwingi uingie. Tumejaribu. Dakika nne, maji 108. Imekuwa mbaya zaidi.

Jumatatu, 23 Septemba

Joto la nje limezidi. Upepo wa mashariki umekufa. Dakika tatu na nusu.

Mzee anataka ndege iruke kabla ya mvua. Mvua ikishika, uwanja wake unakuwa mbuga, tope jeusi mpaka Mei. Anayerusha si yeye, macho yamepungua. Ni binti yake Advera, rubani wa ndege ndogo za watalii huko kaskazini. Amepata likizo ya Novemba.

Alhamisi, 3 Oktoba

Mke wangu Esperansi amepiga simu. Kibondo mvua imeshadondoka, amepanda maharage peke yake. Ameuliza nakausha nini siku hizi. Nimemwambia nakausha ndege. Amekata simu.

Jumatano, 9 Oktoba

Kisima cha karibu kimekauka. Tangu saa kumi alfajiri nimebeba maji kutoka bondeni, madumu kumi na mawili. Saa nane mchana mzee akasema leo lazima tufike dakika kumi, hata kwa mafuta nusu. Jua lilikuwa kali, bawa haligusiki.

Nilisoma dakika ya kwanza, ya pili, ya tatu. Injini hii haingurumi kama gari, inalia kwa sauti moja isiyokatika, kama nyuki ndani ya dumu. Nilikuwa nimesimama, na nililala. Sitaandika kwamba nilifumba macho tu. Nililala kwa miguu. Sijui dakika ngapi.

Nilipofumbua macho, sindano ya maji ilikuwa 124. Ya oili, 119.

Niliinua mkono. Mzee akazima. Maji yakawa yanachemka ndani, nayasikia.

"Ngapi?" aliita kutoka ndani.

"Mia na nane, mzee."

"Umechelewa kidogo."

"Kidogo, mzee."

Nikaandika 108. Nane yangu ilitoka nzuri kuliko zote.

Nataka nieleze hapa, kwa kuwa hakuna anayesoma daftari hili. Kwenye mabani kuna kadi. Kadi inaonyesha joto linalotakiwa kila saa: la kuivisha jani liwe njano, la kukausha jani, la kukausha mshipa. Kibarua anatakiwa asome kipimajoto na kuandika. Lakini mwenye shamba akikuta namba isiyo ya kadi, kosa ni lako. Kwa hiyo sisi sote tulijaza kadi jioni, usiku mzima kwa mara moja, kabla hata hatujawasha kuni. Namba zilikuwa sawa daima. Tumbaku ikiungua tulisema ni jani baya. Miaka kumi na moja nimeandika namba zinazotakiwa. Leo sikufikiri. Nimejaza kadi.

Alhamisi, 10 Oktoba

Imewaka vizuri. Labda haikuwa muda mrefu.

Jumatatu, 14 Oktoba

Dakika nne, maji 107. Mzee amekaa kwenye gurudumu amejishika kichwa. Amesema kama ni hivi atamwambia Advera asije.

Jumatano, 16 Oktoba

Leo nimesema neno. Mabruki alikuwa anataka kupanua mdomo wa mbele mara ya tatu. Nikamwambia, kwenye bani, moto ukizidi na jani likawa linapikwa badala ya kukauka, hatuongezi mlango wa chini. Tunafungua madirisha ya juu. Hewa isiyo na pa kutokea haiingii, hata uipe mlango wa kanisa.

"Sikia profesa," alisema Mabruki.

Lakini mzee alilala chali chini ya ndege, akaweka kiganja pale hewa inapotokea, tumboni. "Mabruki," alisema akiwa bado chini, "hapa panapita ngumi moja. Na pale mbele tumeweka panapopita kichwa cha mbuzi."

Jioni Mabruki alikata upya. Mdomo wa mbele ameurudisha mdogo. Wa nyuma ameufanya mpana mara mbili, na kuweka ulimi wa bati unaoshuka chini, ili upepo unaopita nje uvute hewa ya ndani. Mianya yote kando ya rejeta tumeiziba kwa sponji, hewa isipate njia ya kukwepa.

Jumamosi, 19 Oktoba

Dakika kumi. Mafuta yote. Maji 94. Oili 99.

Dakika kumi na tano. Maji 95. Oili 100. Sindano zimesimama pale pale kama zimepigiliwa misumari.

Mzee ametoka ndani ya ndege akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Hakuna mwajiri aliyewahi kunishika hivyo. Mama Marcelina amechinja kuku. Mezani mzee alisema, "Miaka thelathini nimefungua injini, na aliyenifundisha hewa ni mtu wa bani." Niliangalia ugali.

Jumatatu, 21 Oktoba

Asubuhi kabla mzee hajaja huwa nafungua kifuniko cha tanki la maji ya rejeta kuangalia. Leo yamepungua. Niliongeza nusu kikombe. Chini pakavu, hakuna tone.

Ilipowashwa ilikohoa, ikatoa moshi mweupe kwa muda wa kuhesabu mpaka kumi, kisha ikatulia. Mzee alisema injini ya rota inakula oili kidogo, ndivyo ilivyozaliwa, moshi ni kawaida. Ni kweli, inakula oili. Lakini moshi wa oili ni wa bluu na unakera. Huu ulikuwa mweupe na unanukia utamu, kama dawa tunayochanganya kwenye maji ya rejeta. Mzee hasikii harufu tangu alipougua miaka mitatu iliyopita.

Kwenye daftari la joto kuna safu inayosema MAJI, ya kiasi chake, si ya joto. Nikaandika: sawa.

Alhamisi, 24 Oktoba

Nusu kikombe. Sawa.

Jumatatu, 28 Oktoba

Nusu kikombe na kidogo. Sawa.

Jumatano, 30 Oktoba

Mabruki amekuja kufunga geji za ndani. Tukiwa tunakula mihogo nikamuuliza, kama vile naulizia gari la mtu: "Gari likipungua maji, na chini halivujishi, ni nini?"

"Linakunywa kwa ndani."

"Na dawa yake?"

"Pasua yai, limimine kwenye rejeta, yai litaiva na kuziba. Kisha liuze gari kabla ya Ijumaa." Akacheka. Halafu akaacha kucheka. "Gari la nani?"

"La mtu wa Kibondo."

Aliniangalia kidogo. "Mwambie asilipandishe mlima," alisema, akaendelea na muhogo wake.

Jumamosi, 2 Novemba

Dada Advera amefika kwa treni ya asubuhi. Nilikwenda stesheni kumpokea begi. Nilitegemea mtu wa mjini atakayeniita wewe. Alishuka, akaniangalia, akasema, "Wewe ndiye kaka Fideli wa dirisha la juu. Shikamoo."

Nikasema marahaba. Sikuwa na namna.

Ana miaka thelathini. Anatembea haraka kama baba yake. Njiani alitaka nimweleze bani lilivyo, na aliuliza maswali ya kweli.

Kikombe kizima leo.

Jumapili, 3 Novemba

Sikwenda misa. Nimelala tu.

Jumanne, 5 Novemba

Advera anaikimbiza ndege uwanjani bila kuiachia ardhi. Inakwenda, inainua mkia, anapunguza, inarudi. Maji 92, oili 97. Anaimba akiwa ndani, naona mdomo unavyochezacheza.

Baadaye alikaa kwenye dumu karibu nami akisoma daftari la joto tangu ukurasa wa kwanza, kidole kinafuata mstari. Alisoma saa nzima. Alifika tarehe tisa Oktoba. Kidole hakikusimama.

"Unajua, kaka Fideli," alisema, "ndege ninazorusha kazini, injini zake nazijua kama mkono wangu. Hii siijui. Hakuna anayeijua. Ninachokijua ni namba zako tu."

Nikamwambia mwandiko wangu ulikuwa mbaya mwanzoni.

"Sasa ni mzuri," alisema.

Kikombe kimoja.

Alhamisi, 7 Novemba

Mkaguzi wa ndege alikuja kutoka Dar es Salaam kwa gari la ofisi. Mtu mpole, shati limenyooka. Alipiga tochi kila mahali, alivuta nyaya, alipima mabawa. Aliomba kumbukumbu za majaribio. Mzee akampa daftari langu kwa fahari, kama mtu anayeonyesha picha ya mtoto aliyefaulu. Mkaguzi alisoma, akapiga muhuri kwenye karatasi zake, akasema angetamani mafundi wote waandike hivi.

Ndege itaruka Jumamosi tarehe kumi na sita, asubuhi na mapema.

Jumapili, 10 Novemba

Mawingu mashariki. Mzee anayaangalia kama mtu anayedaiwa.

Jumatatu, 11 Novemba

Kikombe na robo.

Nimejiambia mengi. Kwamba itaruka dakika ishirini tu, kuzunguka uwanja. Kwamba haijawahi kuzima hata mara moja. Kwamba kikombe si kitu kwenye tanki la lita nane. Kwamba nikisema, mzee atapoteza msimu na mimi nitapoteza jina, na labda yeye ataanguka kwa moyo. Haya yote niliyasema pia kwenye mabani, kwa maneno mengine, na watu walipata hasara nami nikalala vizuri. Sasa silali.

Nilikwenda mpaka mlangoni kwa mzee. Alikuwa anashona mfuko wa turubai wa kuwekea ramani za Advera, sindano mkononi, ulimi nje kama mtoto. Akasema, "Fideli, ingia, unaonaje mshono huu?"

Nikasema mzuri, mzee.

Jumatano, 13 Novemba

Asubuhi ilikataa kuwaka mara mbili. Moshi mweupe, nimehesabu mpaka thelathini na tano. Mzee alisema ni ubaridi wa mawingu. Advera aliutazama moshi mpaka ukaisha.

Ijumaa, 15 Novemba

Radi mbali, upande wa Nyahua. Mama Marcelina ametengeneza juisi ya ukwaju ndoo mbili kwa ajili ya wageni wa kesho. Ameosha gauni. Ameingia ghalani kwa mara ya kwanza, amesimama karibu na bawa, akaligusa kwa mgongo wa mkono kama mtu anayepima homa.

Jumamosi, 16 Novemba

Naandika yote kwa mpangilio.

Saa kumi na mbili niliongeza maji. Kikombe kimoja na nusu. Watu walikuwa wameanza kuja: akina mama wa kwaya, vijana wa stesheni, Mabruki amevaa kanzu. Mawingu yalikuwa mazito lakini juu, na hapakuwa na upepo. Mzee alisema hali ya hewa haiwezi kuwa nzuri zaidi ya hii.

Advera alipita akasema, "Shikamoo kaka Fideli, niombee." Nikaitikia. Akapanda, akajifunga mikanda.

Iliwaka mara ya tatu. Moshi mweupe ukafunika mkia wote, akina mama wakapiga vigelegele wakidhani ndivyo inavyotakiwa. Kisha ikatulia, ikalia sauti yake moja. Mimi nilikuwa nyuma, penye gogo. Kazi yangu ilikuwa kufungua kamba ya mkia. Mzee alikuwa mbele anasikiliza injini ikipandishwa, akaitikia kwa kichwa kwamba sawa, akanipa ishara. Fungua.

Nikakaa juu ya fundo.

Sikupanga. Mzee akatoa ishara tena. Halafu akaja, anapepesuka kwa upepo wa pangaboi, akapiga kelele sikioni kwangu: "Kamba, Fideli! Kamba!"

Nikatikisa kichwa.

Kijana mmoja akasema kwa sauti, "Muha amekataa kuachia ndege!" Watu wakacheka. Mabruki hakucheka.

Advera alizima. Kimya kikaja ghafla. Akafungua mlango akatoa kichwa. "Kaka Fideli, kuna nini?"

"Inakunywa maji, dada. Leo kikombe kimoja na nusu."

"Tangu lini?"

"Tangu tarehe ishirini na moja, mwezi uliopita."

"Daftari linasema maji sawa," alisema mzee. "Kila siku, sawa."

"Daftari nimeliandika mimi, mzee."

Aliniangalia kama hanielewi lugha. Nikaendelea, maana nikinyamaza nisingesema tena. "Tarehe tisa mwezi huo nililala nikiwa nimesimama. Niliandika mia na nane. Ilikuwa mia na ishirini na nne."

"Na oili?"

"Mia na kumi na tisa."

Mzee alivua kofia. Akaenda akakaa kwenye gurudumu, kofia juu ya magoti. Hakunipiga. Nilitamani anipige.

Advera alishuka. Alisimama mbele yangu, mimi bado nimekaa juu ya fundo.

"Nina mtoto wa miaka mitatu," alisema, taratibu kabisa. "Unajua anaitwaje?"

"Sijui, dada."

"Anaitwa Janeti. Wiki mbili nimekuamkia kila asubuhi, na kila asubuhi umenijibu."

Akaondoka.

Watu hawakujua waende au wabaki. Mama Marcelina akachukua kata, akagonga ndoo. "Juisi ipo, ndege haipo. Kunyweni mkaendelee na kazi zenu." Wakanywa kwa haraka. Saa nne mvua ilishuka. Tuliisukuma ndege ndani, mimi, Mabruki na mzee.

Jumapili, 17 Novemba

Mvua kutwa. Hakuna aliyenifukuza. Hakuna aliyeniita.

Mama Marcelina aliniletea ugali mwenyewe. "Nimekuchukia tangu jana saa mbili asubuhi," alisema. "Kula."

Jumatano, 20 Novemba

Mzee ameita jina langu toka ghalani. Tumefungua injini, siku mbili. Anaomba spana, nampa. Advera anaosha kila kipande.

Leo vyuma viliachana. Oringi ya rota ya nyuma ilikuwa imekuwa bapa, kahawia, na upande mmoja, urefu wa kidole, haikuwepo kabisa. Mzee aliigusa kwa kucha ikamegeka kama gamba la kidonda. Kuta za chumba cha moto zilikuwa na alama ya maji, mstari uliopauka.

Advera aliuliza, "Ingechukua muda gani, baba?"

"Kwa mafuta yote, ikipanda? Dakika sita. Saba." Akaangalia mlangoni, ambako mvua ilikuwa inaanguka. "Ungekuwa umeshavuka reli."

Mzee alikwenda nje akasimama kwenye mvua muda mrefu. Aliporudi aliomba spana namba kumi na nne.

Jumamosi, 23 Novemba

Mzee ameweka daftari la joto mbele yangu pamoja na kalamu nyekundu. "Majaribio hamsini na matatu," amesema. "Kila namba isiyo ya kweli, izungushie. Zote."

Nilidhani ni ile moja, na zile sawa. Nilianza ukurasa wa kwanza. Septemba tarehe kumi, nilikumbuka sindano ilikuwa kati ya 106 na 109, niliandika 106. Tarehe ishirini na tatu nilichelewa kutazama, nikaandika namba ya nusu dakika iliyopita. Oktoba tarehe nne oili sikuisoma kabisa, nzi aliingia jichoni. Sikuwahi kuzihesabu hizi kuwa uongo. Kwa saa tatu nzima nilizungushia. Ziliponishinda kukumbuka nilizungushia pia. Mwisho zilikuwa kumi na tisa, bila safu ya maji.

Mzee alizipitia moja moja. "Kwa hiyo hatuna kitu," alisema.

"Hatuna, mzee."

"Mkaguzi nitamwandikia barua mwenyewe. Tutaanza upya." Alifunga daftari. "Unataka kwenda kwenu?"

Nilisema kama ananifukuza nitakwenda.

"Sijakuuliza hilo."

Nikasema sitaki.

Jumanne, 26 Novemba

Advera ameondoka na treni, likizo imekwisha. Nilibeba begi. Hakuniamkia, wala sikutegemea. Treni ilipoanza kuvuta alisema dirishani, "Utamwandikia baba namba. Mimi nitasoma." Sikujua maana yake ni nini.

Ijumaa, 6 Desemba

Oringi mpya zimefika kutoka Dar. Mzee anazipaka mafuta kwa kidole, moja moja, kama anampaka mtoto mchanga.

Jumamosi, 14 Desemba

Injini imewaka. Tumeifungia mdomoni mwa ghala, pangaboi nje, sisi ndani, mvua nyepesi. Moshi wa bluu kidogo, unakera. Maji hayakupungua hata kijiko.

Mbele ya ubao wa geji sasa kuna viti viwili. Kimoja ni changu. Cha pili ni cha mama Marcelina, na yeye ana daftari lake. Haruhusiwi kutazama langu, wala mimi lake. Jioni mzee anapiga picha kurasa zote mbili kwa simu na kuzituma kaskazini. Hivyo ndivyo itakavyokuwa kwa majaribio yote, mpaka Mei. Mama alivaa miwani ya kusomea misale. "Usinihemee," aliniambia.

Dakika kumi, usomaji ishirini. Injini ilipozimwa mzee alichukua madaftari mawili, akayalaza ubavu kwa ubavu juu ya bawa. Kumi na tisa zililingana. Usomaji wa kumi na saba, oili, mama aliandika 101. Mimi niliandika 106.

"Nani ameona?" aliuliza mzee.

"Mimi," alisema mama. "Miwani yangu ni ya mwaka huu."

Mzee alinigeukia. Na mia moja na moja ilikuwa namba nzuri, kila mtu pale aliipenda, mimi mwenyewe niliipenda.

"Ilipanda ghafla, mzee, ikashuka," nilisema. "Mama alikuwa anaandika. Ilifika mia na sita."

Alikuja akasimama mbele ya ubao. Sindano ilikuwa imeshalala, haikuwa na la kumwambia. Alisimama pale mpaka mvua ikazidi na mama akaanza kukunja kiti.

Kisha akachukua kalamu, akaandika kwenye karatasi ya kwenda kwa Advera: 106. Akavua koti, akalala chini ya injini kutafuta sababu.